Marehemu Anauza Sabuni

Ofisi yetu ya matangazo pale Mbeya ilikuwa na gari moja, projekta moja na filamu moja. Gari lilikuwa la serikali, lakini aliyejua kuliwasha ni Filemoni peke yake, mtu wa Iringa, kwa hiyo tulilihesabu kuwa lake. Projekta tuliitukana kwa zamu, yeye na mimi. Filamu ilikuwa ya dakika sita, iliyopigwa mwaka 1957 na wazungu wa idara ya mifugo huko Usukumani. Sauti yake ilikuwa imekwisha kufa, ndiyo maana niliajiriwa. Nilisimama kando ya shuka nyeupe, nikashika kipaza sauti, nikaeleza. Niliifanya kazi hiyo vizuri kuliko wengi, na nasema hivyo bila aibu.

Katika filamu hiyo ng'ombe wanaingia joshoni mmoja mmoja na kutokea upande wa pili wakichuruzika. Kisha anakuja mwanamume mrefu mwenye kofia. Anavua kofia, anafuta jasho, anatutazama, anasema kitu halafu anacheka, anacheka mpaka mabega yanatikisika. Wakati anacheka, kivuli kinatambaa chini kutoka pembeni, kinafika karibu na miguu yake, kisha kinarudi kilikotoka. Baada ya hapo ni ng'ombe tena mpaka mwisho.

Mwaka 1974 tulitangaza dawa ya kupe, jambo ambalo filamu ilitengenezewa. Kivuli nilikiita ugonjwa. Mwaka uliofuata wakaja watu wa sabuni. Bwana Liberatus, mkuu wetu, hakuagiza filamu nyingine kwa sababu fedha za kigeni hazikuwepo, na kwa sababu hakuwa mtu wa kuagiza vitu. Aliniita ofisini.

"Ndugu Asukile, hawa ng'ombe wanafanya nini?"

"Wanaogeshwa, bwana mkubwa."

"Basi. Filamu ya sabuni tunayo."

Nami nikaenda kueleza kwamba hata ng'ombe anaoga, seuze wewe, na kwamba bwana yule anacheka kwa kuwa ametakata. Kivuli nikakiita uchafu, unakuja, unamwogopa, unakimbia. Iringa mjini sabuni iliadimika madukani wiki nzima. Bwana Liberatus akaanza kunisalimia asubuhi.

Ilikuwa katika safari hiyohiyo ya sabuni tuliposhuka Usangu, kwenye kijiji cha wafugaji waliohama kutoka kaskazini. Tulionyesha mchana, ndani ya ghala la mpunga, milango imefungwa na matundu ya bati yamezibwa kwa magunia. Yule mtu alipovua kofia, mama mmoja wa mbele alisimama. Hakupiga kelele. Alisimama tu mpaka ng'ombe waliporudi, kisha akaketi. Baadaye alinifuata garini.

"Yule ni mume wangu," akasema. "Ngolo. Alikufa mwaka uleule wa picha, kwa pepopunda. Nilimwacha kwenye kaburi lake, sisi tukahama na ng'ombe."

Jina lake Roza, lakini wote walimwita Mama Limbu. Nilimpa pole. Nilitaka pia kumwomba asiwaambie watu, maana mtu aliyetakata kwa sabuni yetu hakutakiwa awe marehemu, lakini tayari alikuwa amewaambia.

Mwaka 1976 tulirudi na mabati. Ng'ombe wamelowa, je, na wewe unataka kulowa? Kivuli kikawa wingu la mvua. Mama Limbu alikuwa amekaa palepale mbele.

"Leo anauza nini, baba?" akaniuliza kabla hatujaanza.

"Mabati, mama."

"Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi," akasema.

Nilianza kumzoea, na kusema kweli nilianza kumtafuta kwa macho kila tulipofungua milango. Nilizoea pia kwamba kila nilipofika kwenye kivuli alikuwa akijifunika kanga vizuri. Nilidhani ghala lina baridi.

Mei mwaka 1977 ikawa zamu ya bima ya maisha. Siku hiyo Mama Limbu alinishika mkono kabisa.

"Limbu wangu anatoka Chunya mwezi wa saba, akimaliza tumbaku. Alizaliwa baba yake yuko kaburini. Picha sina, hata moja. Mtakuja mwezi wa saba?"

Nikasema tutakuja. Nikasema atamwona baba yake anacheka, nimeahidi mimi Asukile. Niliahidi kwa sauti ileile ya kazini, ambayo watu huiamini.

Kisha nikaingia kueleza. Karatasi ya Bwana Liberatus ilisema: bwana huyu anacheka kwa sababu ana bima, na kile kivuli ni kifo, kinachungulia na kuona hapana faida. Niliposema hivyo, Mama Limbu alisimama.

"Hakuwa nayo," akawaambia watu kwa upole. "Na alikufa."

Mimi niliona hapo ndipo tangazo la bima lilipoanza hasa. Lakini wakala wa bima, aliyekuwa amekaa nyuma na fomu zake, aliona vingine. Alirudi Mbeya na fomu zote zikiwa tupu, akamwambia Bwana Liberatus kwamba hakuna mteja anayeshawishiwa na maiti inayocheka.

Asubuhi iliyofuata niliitwa. Filamu ilikuwa mezani.

"Huyu tunamtoa," akasema Bwana Liberatus. "Ng'ombe wanatosha."

Nilimweleza habari za Mama Limbu. Nilieleza vizuri, kwa utaratibu, kama mtu anayetangaza kitu. Nikamwomba asubiri miezi miwili tu, Agosti nitamkata mwenyewe.

"Ndugu Asukile," akasema, "hii ni ofisi ya matangazo, si ofisi ya mirathi."

Akachukua mkasi wa kukatia bahasha. Alimkata Ngolo mshazari, vipande vitatu, akamtupa kwenye debe la taka. Alipotoka kwenda kunywa chai nilimtoa Ngolo kwenye taka, nikamfuta majani ya chai kwa leso, nikamtia kwenye bahasha na kumpeleka nyumbani Ilomba. Filemoni alijaribu kumuunga. Projekta ilimtafuna kona mara mbili, akaacha. Alisema mkanda uliokatwa vile na mtu asiyejua hauungiki tena. Nilikasirika siku nyingi, na zaidi nilijikasirikia mimi na ahadi zangu.

Julai tulishuka Usangu na bima ileile, ng'ombe watupu. Mama Limbu alikuwa mlangoni na kijana mrefu aliyevaa shati jipya. Kijana akanipa shikamoo, akavua kofia kufuta jasho, nami nikasahau kumwitikia. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo mara mia.

Sikungoja onyesho. Niliwaambia palepale: wamemkata, nimeshindwa kuwazuia, hatatembea tena, amebaki hivi. Nikatoa bahasha. Mama Limbu hakunilaumu, na heri angenilaumu.

Limbu alishika kipande kwa ncha za vidole, akakiinua juani. Vipicha vidogo vilipangana kuanzia kidoleni mpaka kiwikoni, baba yake katika kila kimoja. Alitazama kwa muda mrefu, akisogeza polepole.

"Anasema kitu," akasema. "Anasema nini?"

Aliniuliza mimi, kwa kuwa aliambiwa mimi ndiye mwelezaji. Miaka mitatu nilikuwa nimemsemea Ngolo mambo mengi. Siku hiyo nikamgeukia mama yake.

"Alikuwa anasema na mimi," akasema Mama Limbu. "Mzungu aliwaambia watu wote wakae mbali. Mimi nikasogea nimuone vizuri. Akaniambia, Roza, rudi nyuma, hilo tumbo lako litaingia kwenye picha. Ndiyo akacheka."

Limbu akasogeza kipande tena, akakisimamisha.

"Na hii nyeusi hapa chini, karibu na miguu?"

"Ni mimi," akasema mama yake. "Mimi na wewe ndani."

Nilikuwa nimewaita ugonjwa, uchafu, wingu na kifo, kwa kipaza sauti, na mara tatu yeye ameketi mbele yangu.

Filemoni aliita kutoka ndani kwamba watu wamekaa, milango ifungwe. Nilikwenda nikasimama kando ya shuka, mahali pangu. Ng'ombe wakaanza kuingia joshoni mmoja mmoja. Wakala wa bima alinikoholea kutoka nyuma, akakohoa tena. Nilizima kipaza sauti, nikawaacha ng'ombe wapite.