Ziwa Lililomfuata Patricie

Patricie alikuwa anageuza sambaza, dagaa wa ziwani, kwenye wavu wa kuanikia, nyuma ya nyumba yake huko Cyangugu chini, Nzabonimana alipofika na utepe wa kupimia. Nzabonimana alikuwa afisa wa mazingira wa sekta, yaani kata, mtu mpole aliyesomea kilimo Butare. Alibana ncha ya utepe kwa jiwe lililolowa ukingoni mwa ziwa, akapanda nao, akaupita mlango wa Patricie, akaendelea mpaka katikati ya maharagwe. Hapo ndipo mita hamsini zilipoishia.

Sheria mpya ya mazingira ilikuwa imetoka Kigali. Kutoka ukingo wa ziwa hadi mita hamsini kusiwe na nyumba wala jembe, na mtu asikae. Nafasi hiyo iachiwe matete na migano, yaani mianzi, yashike udongo. Patricie hakuwa na ubishi na sheria hiyo. Miaka ya vita miti ya milimani ilikatwa kwa kuni na kwa vibanda vya wakimbizi, na tangu hapo kila mvua ilishusha tope jekundu ziwani, sambaza zikapungua. Alimwambia Nzabonimana kwamba aliyeandika maneno yale alikuwa ameliona ziwa.

Kilichomkaa rohoni kilikuwa kingine. Mwaka 1998, vita ya pili ilipoanza ng'ambo ya ziwa, Kongo, mume wake Birindwa, mtu wa kabila la Washi kutoka Bukavu, alichukua mtumbwi kwenda kumtoa mama yake. Mtumbwi ulirudi peke yake. Birindwa hakurudi, na ziwa halikumtoa. Patricie alibaki pale pale, mlango ukitazama maji, kwa sababu Birindwa hakujua nyumba nyingine.

"Maman, mimi sina namna," Nzabonimana alisema huku akikunja utepe.

"Najua, papa. Utaniachia muda nianue samaki?"

Alimwachia.

Mudathiru, seremala wa Kamembe, alikuja kuibomoa nyumba. Aling'oa mabati taratibu yasipasuke, akatoa nguzo na fremu ya mlango, akaisimamisha nyumba upya upande wa juu wa shamba la maharagwe, nje ya mpaka. Patricie alikandika kuta mwenyewe. Udongo ulipokauka alihamia, na asubuhi ya Jumapili, alipofungua mlango aende misa, ziwa lilikuwa limefika kizingitini.

Lilikuwa limepanda mteremko kwa kufuata njia ya miguu, likiwa jembamba mithili ya ulimi, bila kulowesha shamba la jirani hata moja. Huko chini ukingo wa zamani ulibaki tope tupu. Majirani walishuka kutazama. Walikuta cherehani, masufuria, viatu vya watoto, kofia za chuma za askari na baiskeli, vitu ambavyo watu waliviacha majini walipokuwa wakivuka kukimbia. Kila aliyetambua chake alikichukua. Patricie alizunguka tope lote akiangalia, gauni lake la kanisani likichafuka hadi magotini. Birindwa hakuwemo. Alirudi, akanawa miguu kwenye maji ya mlangoni, akaenda misa ya pili.

Nzabonimana alipima tena. Alisema kwa masikitiko kwamba nyumba ilikuwa ndani ya mpaka.

"Lakini ni ziwa ndiyo ilikuya, si mimi nilienda," Patricie alisema.

"Sheria haisemi nani alikuya kwa mwingine, maman. Inasema makumi tano tu."

Mudathiru akaitwa tena. Safari hii Patricie alipanda mbali, mpaka Nyakarenzo, kwa kaka yake Hategekimana, mkulima wa mihogo aliyekuwa na kipande cha ardhi kisichotumika. Mudathiru alipokuwa akipigilia mabati alisema kwamba, kwa maoni yake, Birindwa ndiye anayevuta maji huko chini, maana mwanamume haachi kumfuata mke wake eti kwa sababu ya kufa. Alilisema hilo kama mtu anayeeleza kwa nini mbao hupinda. Patricie alimpa chai.

Ziwa lilichelewa kidogo, maana njia ni ndefu na milima ni mingi. Lilipita mabondeni, likavuka barabara ya lami upande wa chini wa daraja, na pikipiki za abiria zikasimama mpaka lilipomaliza. Likafika Nyakarenzo saa ya watu kurudi shambani. Hategekimana alihamisha mbuzi wake. Patricie alikaa kizingitini, akatia miguu majini, akaongea kwa Kimashi, lugha aliyofundishwa na mume wake. Alimweleza kuhusu sheria, na kwamba mama yake alikufa salama Bukavu, kitandani. Maji yalitulia yakamsikiliza. Tangu vita Patricie hakuwa amelala usingizi mzuri kama aliolala siku hizo.

Matatizo yalitoka upande wa hoteli.

Kulikuwa na hoteli mpya Cyangugu, ya tajiri mmoja aitwaye Nsengiyumva. Ukumbi wake ulisimama juu ya maji kabisa, nguzo zikiwa ziwani. Nzabonimana hakuwahi kupeleka utepe kule, maana ilikuwa na ruhusa ya pekee kutoka juu, kwa faida ya maendeleo. Sasa maji yalikuwa yamehama. Wageni walikunywa bia wakitazama tope, na boti za hoteli zilikuwa zimelala ubavu.

Patricie aliitwa ofisi ya sekta. Nsengiyumva alikuwemo, na wakubwa wawili wa wilaya, na Nzabonimana aliyekaa karibu na dirisha. Hakuna aliyemwuliza kwa nini ziwa linamfuata. Walimwuliza angependa kukaa wapi.

Alisema angependa nyumba yake ya kwanza, pale pale ilipokuwa. Mkubwa mmoja akamweleza kwa upole kwamba haiwezekani, pale ni hifadhi, migano imekwisha kupandwa, na sheria ni ya wote. Ila hoteli ina chumba nyuma ya ukumbi, karibu na pa kufulia mashuka.

"Kile chumba kiko mita ngapi kutoka ziwani?" Patricie aliuliza.

Nzabonimana akatazama nje. Nsengiyumva akajibu kwamba wafanyakazi wa hoteli wamo ndani ya ruhusa.

Patricie alifikiri. Mihogo ya kaka yake ilikuwa inaoza kwa unyevu, na Hategekimana alikuwa na watoto. Alisema atakuja, mradi mlango wa chumba utazame maji. Mudathiru alitoboa mlango upande huo.

Aliposhuka, ziwa lilishuka naye. Barabara ilikauka, Hategekimana akarudisha mbuzi wake, na boti za hoteli zikainuka. Alipokwenda Nyakarenzo kumzika shemeji yake, bwana na bibi harusi waliokuwa hotelini walipigwa picha mbele ya tope, kukawa na maneno. Tangu hapo husafiri siku ambazo hoteli haina wageni, baada ya kuomba ruhusa.

Wakaguzi walipotoka Kigali, waliisifu migano. Kweli ilikuwa imestawi, ndege wamerudi, na maji ya pale yalikuwa yameanza kung'aa. Nzabonimana aliwatembeza, kisha, walipokuwa wakila, akapita nyuma ya ukumbi. Alimkuta Patricie kwenye kiti cha plastiki, maji yakimfikia vifundoni.

"Maman, nitaandika kazi yako hapa ni gani?"

"Kukaa."

"Sheria inakataza batu kukaa hapa."

"Ndiyo, papa. Mimi bananilipa."

Nzabonimana akaandika, mfanyakazi. Wakaguzi walipoondoka aliuchukua utepe, akafuata ukingo hadi upande wa pili wa migano, kwa bibi mmoja, Nyiramahoro, aliyeambiwa kwamba maharagwe yake yameingia mpakani. Bibi alikuwa ameshaanza kuyang'oa. Nzabonimana aliweka utepe chini, akainama kumsaidia, maana mvua ilikuwa inakuja na mengine yalikuwa bado mabichi, yangeoza yakinyeshewa.