Nungunungu wa Bibi Marsiana

Bibi Marsiana wa Izia alikuwa akisema kwamba Ufipa nzima, kuanzia milima ya Mbizi mpaka ushuke Milepa, hakuna anayeyajua majani kumshinda yeye. Na elimu anayo: darasa la nne alisoma mara mbili. Mara ya kwanza lilimkataa.

Ndiyo maana Mwalimu Sekela, binti wa Mbeya anayefundisha baiolojia kidato cha tano, alipokuja kuomba awatembeze wanafunzi wake kwenye lile shamba lake la nyasi, bibi hakujivuta.

"Waje," alisema. "Ila wapite kwangu kwanza wale. Njaa haisomi."

"Nataka waione bioanuwai kwa macho, bibi. Ya kitabuni wameshaichoka."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Wingi wa aina za viumbe mahali pamoja."

"Basi anzieni jikoni kwangu. Mna panya, mende, kuku, na Evaristi."

Evaristi ni kitinda mimba wake, mtu mzima mwenye pikipiki na ndevu, na bado anakula kwa mama.

Asubuhi moja ya Februari wakapanda, umande ukiwalowesha sare na upepo wa Ufipa ukiwachapa masikio. Wanafunzi walibeba fremu za mbao, za kulaza chini na kuandika kila kinachoishi ndani yake. Bibi alitangulia na fimbo, ambayo hakuitumia kutembelea bali kuonyeshea.

"Majani haya yanatibu tumbo. Haya hayatibu kitu, lakini mchemshie mgonjwa anayejisingizia, atapona kabla hujamimina."

Watoto walicheka hadi wakasahau baridi, naye akazidi kunyoosha shingo.

Lile shamba halijawahi kuguswa na jembe. Wakati wenzake wote wanapindua nyasi kutengeneza matuta ya mahindi na ulezi, marehemu mumewe aliliacha kwa ajili ya nyasi za kuezekea. Baadaye watu wote wakaezeka bati, nyasi zikakosa kazi, lakini bibi hakulilima. Kila masika huota maua humo: ya njano, ya zambarau, na meupe yanayotoa ulimi nje kama mtoto asiye na adabu. Chini ya kila ua kuna viazi vidogo. Ndiyo hiyo chikanda, inayochimbwa na kupelekwa Zambia kwa magendo, wanakoisaga na karanga wakapika. Milima mingine yote ilikwisha kukombwa. Yake ilibaki.

"Maua yangu ni kama wajukuu," aliwaambia. "Hayanisaidii kitu, lakini nisipoyaona silali."

Wakavuka mwinuko wa mwisho. Bibi akasimama.

Shamba zima lilikuwa mashimo. Nyasi zimefumuliwa, udongo mweusi umetapakaa, na hapa na pale bua la ua limelala ubavu likianza kukauka.

Bibi Marsiana alikumbuka gunia. Alfajiri ya siku hiyo Evaristi alilitoa uani: "Maharage ya mbegu, mama, nayapeleka Tunduma. Hebu likalie nifunge." Naye akalikalia, kwa uzito wote aliojaliwa na Mungu. Alisema hata kwamba maharage hayo yanamfinya makalio, wakacheka wote wawili.

Mwalimu Sekela alichuchumaa kando ya shimo, akamega udongo, bado mbichi.

"Huu mzigo haujafika mbali," alisema. "Namba ya afisa maliasili ninayo. Nikimpigia sasa, unakamatwa mpakani, na aliyeubeba naye. Bibi, hukuona mtu?"

Bibi aliangalia mashimo, kisha akaangalia upande wa kusini, ilikokwenda pikipiki. Maua yalishakwenda. Aliyebaki wa kupotea ni Evaristi.

"Nungunungu," akasema.

"Nungunungu?"

"Mkubwa. Nilimwona juzi jioni. Mnene hivi, ana dharau."

Watoto wakacheka, na kifua cha bibi kikalegea kidogo. Kicheko kilikuwa kimemvusha mito mingi.

"Si yataota tena, mwalimu?" akauliza Timoth, kijana mrefu aliyependa kusema kabla ya wenzake.

"Nitayapanda mwenyewe," bibi akadakia. "Mkono wangu huu unaotesha hata mpini."

"Mbegu yake ni kama vumbi, bibi," mwalimu alisema. "Haina akiba ya chakula ndani. Inangoja kuvu wa udongoni wailishe, kuvu wa aina yake, na wasipokuwepo haioti. Ikiota, hukaa chini miaka mingi kabla ya kuchanua."

"Mingi kiasi gani?"

Mwalimu alitazama mvi zilizochungulia chini ya kitambaa cha bibi.

Wanafunzi wakalaza fremu zao kama walivyofundishwa. Nyasi, siafu, shimo. Nyasi, shimo, shimo. Hakuna aliyemwambia bibi akae, hakuna aliyemwambia aende. Akawa anazunguka, anasukumia udongo mashimoni kwa mguu, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Ilikuwa kazi ya bure na alijua.

"Mwalimu, njoo uone."

Huyo alikuwa Faith, msichana asiye na maneno. Amepiga magoti, kiganjani ana kiazi kidogo cheusi kilichonyauka.

"Kila shimo nililofukua lina kimoja kama hiki."

Mwalimu alikigeuza. "Kila mmea una viwili. Hiki ni cha zamani, ua limeshakinyonya. Kingine ni kipya, kigumu. Wachimbaji huchukua kipya. Hiki hakina soko, wanakiacha."

"Kwa hiyo nungunungu kachukua chenye soko tu?"

"Mshikaji mfanyabiashara!" Timoth alisema. Wenzake wakaangua kicheko, wakakimeza walipoona uso wa mwalimu.

"Nungunungu wa huku wajanja," bibi alisema haraka. "Hicho cha zamani kichungu. Hata mimi nisingekila."

Mwalimu Sekela alisimama, akajifuta udongo. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Ulisema ulimwona, bibi."

"Kwa macho yangu haya."

"Juzi jioni."

"Jua linazama."

"Hapa."

"Hapo hapo uliposimama, mwanangu."

"Jembe alilishika mkononi, au alilitia begani?"

Bibi Marsiana akawageukia watoto, akingoja wacheke. Hakuna aliyecheka.