Sekunde Kumi na Moja za Ngui

Mulama alikuwa na tabia moja iliyowachosha watu pale sokoni Umoja: ukimpa nafasi ndogo tu, anakuletea habari za Ngui. Labda umempelekea pasi iliyoungua, au umejibanza chini ya bati la kibanda chake cha ufundi wa redio kungoja mvua ipungue, hilo halikumhusu. Angekuuliza kama umewahi kusikia gitaa likipigwa, gitaa hasa, na kabla hujajibu angekuwa ameshafika mwaka wa themanini na nne.

Dubow, jirani yake aliyeuza kava za simu, alikuwa ameisikia hadithi hiyo mpaka angeweza kuisimulia mwenyewe.

"Mzee Mulama, leo Ngui ameshapanda jukwaani ama bado?"

"Cheka tu. Ungemsikia wewe, hizo kava ungezigawa bure."

Na haki ya Mungu hakuwa akidanganya. Ngui aliingia mjini kutoka Ukambani akiwa na miaka ishirini na mmoja, vidole vyake vimefundishwa gitaa kavu, lisilo la umeme, na wajomba zake. Huku mjini akakutana na santuri za jazi ya Wamarekani, ile ya umeme, yenye mbio na hesabu ngumu. Hakuna aliyemfundisha. Alikaa nazo chumbani miezi kadhaa, akatoka na kitu ambacho wajomba zake wasingekijua na Wamarekani pia wasingekijua. Wapiga ngoma wa mjini walikuwa wamezoea kuhesabu nne, yeye akawahesabia saba. Kidole gumba kilitembea polepole kule chini kama alivyoonyeshwa nyumbani, ukatulia ukidhani unajua mnakokwenda, kumbe vidole vingine vimeshaondoka zamani na jicho haliwezi kuvifuata.

Lakini mbio sizo zilizommaliza Mulama. Kilichommaliza ni pale Ngui alipoacha. Katikati ya kasi ile aliacha kila kitu akashikilia noti moja, moja tu, akaivuta mpaka ukaona haya, kama mtu aliyefungua mlango asiopaswa kuufungua akamkuta mzee wake analia. Mulama alikuwa na miaka ishirini na miwili alipoisikia noti ile, na hakuna kilichompata baadaye, ndoa, watoto, hata wokovu, kilichoifunika.

Aliinasa kwenye kaseti. Ilikuwa Jumapili alasiri, kwenye bugi, yale madansi ya mchana ya vijana, katika ukumbi mmoja wa mtaa kule Makadara. Mulama alikuwa ameazima redio kaseti ya kaka yake, akaipakata kwenye kiti cha mbele kabisa. Bendi ile ilivunjika mwaka uliofuata bila kuingia studio hata siku moja. Kwa hiyo kaseti ya Mulama ndiyo iliyokuwa ya pekee duniani, na Mulama alilijua hilo vizuri mno.

Wiki chache za kwanza aliicheza na wenzake chumbani, wote wakipiga kelele na kurukaruka juu ya kitanda. Halafu mashine ya rafiki yake ikala kaseti nyingine mbele ya macho yake, ikautafuna utepe wake wote, na Mulama akaingiwa na hofu. Alivunja vile vijino viwili vya nyuma ili mtu asiweze kurekodi kitu juu yake, akaifunga kwa karatasi ya nailoni, akaitia kwenye kopo la mafuta ya kupikia, akalisukuma uvunguni. Tangu siku hiyo hakuicheza tena. Hakuona haja, maana alikuwa nayo yote kichwani.

Sasa sikilizeni ubaya wake, maana anao. Mwaka wa tisini na tisa Ngui mwenyewe alikuja kibandani. Wakati huo alikuwa akipiga kwenye hoteli moja ya watalii, nyimbo zile zile kila usiku, amevaa shati la maua.

"Mulama, nipe ile kaseti wiki moja tu," alisema. "Nataka kujifunza tena ile solo. Vidole vimesahau, bwana. Najua nilipita mahali fulani, lakini njia siioni."

Mulama alimtazama usoni akamwambia, "Ngui, hiyo kaseti nimeitafuta mpaka nimechoka. Nadhani ilipotea tulipohama."

Kwa nini? Alijiuliza mwenyewe miaka mingi. Aliogopa Ngui angeipoteza, hilo ni kweli. Aliogopa pia kwamba yule mzee wa shati la maua angejifunza solo ile akaipiga vibaya. Lakini chini ya hayo yote kulikuwa na uchoyo. Alipenda kuwa yeye ndiye mwenye Ngui halisi, na huyu aliyesimama mbele yake ni mtu mwingine tu. Kana kwamba uongo hautoshi, akaongeza, "Siku hizi unapiga kama karani, Ngui. Zamani ulikuwa unaongea."

Ngui alicheka kidogo, akaaga. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameuza gitaa, akapata kazi ya ulinzi kwenye ghala moja Industrial Area. Binti yake wa pekee, Eve, alizaliwa na kukua bila kumwona baba yake ameshika gitaa hata mara moja. Aliyajua mambo hayo kwa kusimuliwa na Mulama, kama sisi wengine.

Mwaka jana, mwezi wa saba, Eve alimpigia Mulama simu.

"Anko Mulama, ni Eve wa Kayole. Dadi alipata stroku, si unajua. Sasa daktari amesema tumkalishe tu nyumbani. Anakuulizia kila siku. Anasema uko na kitu yake."

Mulama aliishika simu muda mrefu baada ya Eve kukata. Kitu yake.

Jioni hiyo alilitoa kopo uvunguni. Utepe ulikuwa mzima, haukuota ukungu. Kazi ya siku tatu aliiacha yote, Dubow akawaambia wateja mzee amefiwa, ilimradi waondoke. Mulama alichagua redio kaseti nzuri kuliko zote kibandani, akaitia mkanda mpya wa kuzungushia, akasafisha kwa spiriti kile kichwa kinachosoma utepe. Kaseti yenyewe aliizungusha taratibu kwa kalamu, kwenda na kurudi, utepe uachane mahali ulipogandana. Lakini hakuijaribu. Utepe wa miaka arobaini huenda ukaimba mara moja tu halafu ukakatika, na hiyo mara moja safari hii hakutaka iwe yake.

Jumamosi mchana alipanda ngazi za ploti, jengo alimopanga Eve pale Kayole, redio kaseti kwapani. Ngui alikuwa amelazwa kwenye kochi karibu na dirisha. Mdomo ulikuwa umeenda upande. Mkono wa kushoto, ule uliokuwa ukikimbia juu ya nyuzi, ulikuwa umewekewa mto chini yake, umelala hapo tu.

"Umekuja nayo?" Ngui aliuliza. Maneno yalitoka yameshikana, lakini yalieleweka.

"Nimekuja nayo." Mulama alibaki amesimama. "Ngui, mwaka ule ulipokuja kibandani, nilikuwa nayo. Nilikudanganya."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Wewe?" alisema Ngui. "Wewe upoteze hiyo?"

Mulama alilia papo hapo, mtu mzima na mvi zake, na Eve akamvutia stuli akae. Kisha Eve akaweka simu yake kando ya spika ili arekodi. "Nataka nisikie hii maneno yote umekuwa ukiniambia, anko," alisema. "Ofisini hata hawaamini nikisema buda yangu alikuwa mnoma wa gitaa. Nitawachezea waone."

Mulama akabonyeza.

Kwanza ulikuja mvumo wa watu ukumbini. Ngoma ikaingia, ile hesabu ya saba. Halafu gitaa. Lilikuja safi, limetulia, kidole gumba kikitembea kule chini, na juu yake kitu kingine kikaanza kuamka. Eve, aliyekuwa akimimina chai, aliacha kumimina.

"Huyu ni dadi?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Anko, huyu ni dadi kweli?"

Mulama alitikisa kichwa kukubali. Hajawahi kuwa na furaha kama ile.

"Weeeee! Nguiii! Hapo hapo! Hapo hapo, usiachilie!"

Sauti ilitoka kwenye spika kwa nguvu mpaka Eve akashtuka akamwaga chai. Ilikuwa sauti ya kijana, kali, imelewa furaha. Gitaa lilizama. Kijana alipovuta pumzi, gitaa liliibuka kidogo, likaonekana limefika mbali sana na pale lilipoachwa, halafu "Nguiii! Toboa! Toboa!" likazama tena.

Mulama aliifahamu sauti ile. Na kwa kuwa alikuwa fundi, alifahamu pia kilichotokea, jambo alilowaeleza wateja wake mara mia. Redio kaseti za enzi hizo zilijipimia sauti zenyewe: kilicho karibu kikipaza, mashine hukishusha kila kilicho mbali. Mashine ilikuwa mapajani mwake. Jukwaa lilikuwa mbele kule. Na pale kwenye bugi mpiga gitaa alituzwa kwa koo la mtu, aliyenyamaza alihesabiwa mgeni au mshamba, na katika ukumbi ule mzima hakuna aliyempenda Ngui kuliko Mulama. Alipiga kelele dakika sita mfululizo. Wale waliokuwa wakirukaruka kitandani siku zile hawakulitambua hilo, kwa sababu walikuwa wameisikia solo yenyewe kwa masikio yao, na kila pengo walilijaza bila kujua.

Ikafika ile noti. Mulama aliijua kwa ukumbi, maana watu wote walinyamaza ghafla. Mtu mmoja tu hakunyamaza. "Ngui, niue! Niue kabisa!" alipiga kelele kijana yule, akarudia, akarudia, mpaka noti ikaisha.

Kaseti ikaisha. Kisha Ngui akageuza macho.

"Huyo ni nani anapiga kelele?"

Mulama alidhani anataniwa. Akamtazama, akaona hataniwi. Ugonjwa ulikuwa umemchukua Ngui vipande vipande, na kipande kilichoijua sauti hiyo kilikuwa kimeenda.

"Ni kijana mmoja," alisema Mulama.

"Mwambie anyamaze kidogo. Nataka kusikia."

"Sawa," alisema Mulama. "Nitamwambia."

Akarudisha nyuma, akabonyeza tena. Gitaa likaja safi, Ngui akafumba macho, na mahali pale pale kijana akapiga kelele. Ngui alikunja uso. Mulama akarudisha nyuma. Walifanya hivyo mara nne. Fundi wa redio kwa miaka arobaini, na hakuwa na ujanja mwingine.

"Anko, si siku hizi kuna app zinatoa sauti ya mtu?" Eve alinong'ona. "Nijaribu?"

"Zinatoa kilicho juu ili kilicho chini kibaki, mwanangu. Hapa chini hakuna kitu. Mashine haikukishika."

Eve aliangalia sakafu. "Sasa ile ingine yote iko wapi?"

Hapo Mulama akajaribu jambo la mwisho. Aliisogeza stuli karibu na kochi, akasafisha koo, akaanza kuiimba solo ile kwa mdomo, tangu pale kelele zilipoanza, noti kwa noti, jinsi alivyokuwa nayo kichwani miaka yote hiyo. Alikuwa na sauti mbaya lakini hakujali. Mkono wa kulia wa Ngui uliamka juu ya blanketi, ukaanza kukwanyua nyuzi ambazo hazikuwapo. Mulama akapata matumaini, akapanda nayo mpaka kwenye ile noti, akaishikilia.

Ngui alitikisa kichwa.

"Hapana. Haikuwa hiyo."

"Ilikuwa ipi?" Mulama aliinama juu yake. "Ngui, niambie. Ilikuwa ipi?"

Ngui alifungua mdomo. Alitazama dari, akatafuta, na mkono wa kulia ukangoja juu ya blanketi. Kisha akaufunga mdomo, na mkono ukalala.

"Ilikuwa nzuri," alisema.

Alifariki wiki ya tatu baada ya hapo. Ibada ilifanyika kanisani Kayole kabla ya kumsafirisha kwao Mwala. Mulama alikaa benchi la nyuma kabisa, Dubow akakaa ubavuni mwake, Mwislamu wa watu amevaa koti jeusi la kuazima, kwa sababu alisema mtu anayemjua hivyo hawezi kukosa kumzika.

Baada ya wasifu Eve alisimama. Alisema baba yake aliwahi kupiga gitaa, na kwamba kilichobaki ni sekunde kumi na moja. Amezikata kutoka kwenye simu na kuzisafisha. Akampa ishara kijana wa mitambo.

Gitaa likajaa kanisani. Mabibi wa kwaya waliinua vichwa. Dubow alimshika Mulama goti, akalibana, macho yamemtoka, kwa kuwa baada ya hadithi zote zile ndiyo kwanza anasikia. Kidole gumba kilitembea, kile kitu kingine kikaamka juu yake, kikaanza kukimbia. Kisha kikakatika.

Kanisa zima lilikaa kimya likingoja iendelee. Mulama alihisi kelele ile ile ikimpanda kooni, kubwa na changa vile vile, jina la Ngui limeshafika kwenye ulimi. Akaufunika mdomo kwa mikono yote miwili, akaubana hivyo hivyo mpaka mchungaji alipofungua kitabu na kuendelea na ibada.