Simba Jike wa Harthwick

Padri Wulmar ndiye aliyeanzisha balaa lote, yeye na kitabu chake cha kuazima kwa watawa. Kama si yeye, Hawisa angeendelea kuoga mtoni kwa amani yake.

Jumapili ile Padri alihubiri habari za simba. Simba mwenyewe hajapata kumwona, na pale kijijini Harthwick hakuna aliyemwona. Mnyama mkali kuliko wote waliyemjua ni fahali wa bwana mkubwa. Lakini kitabu cha watawa hakibishiwi. Simba jike, alisema Padri huku akipiga kitabu kofi, hana haya hata kidogo. Mumewe akienda kuwinda, yeye huyo kwa chui, yule mwenye madoadoa. Wakishamaliza uchafu wao, jike hujitosa mtoni akajisugua, ili mumewe asije akainusa harufu ya chui.

Wanaume wakaguna. Macho yakaanza kutembea, yakatua kwa Hawisa.

Maana nani asiyejua kwamba Hawisa huoga mtoni kila jioni? Na penye mto pana kinu cha maji cha kusagia nafaka, na kinuni yumo Osbern msaga unga, mseja, mwenye madoadoa mekundu uso mzima mpaka shingoni, ya kuzaliwa nayo. Basi kwisha. Jike limepatikana, chui amepatikana.

Sasa sikia upuuzi wenyewe. Hawisa alikuwa kibarua kwa mtengeneza mishumaa. Kutwa nzima anayeyusha mafuta ya kondoo, na uvundo wake humganda mtu hadi kwenye mizizi ya nywele. Thurstan, mumewe, mchuuzi wa sufu, ndiye aliyemwambia tangu mwanzo, "Ukirudi unanuka hivyo, humu hulali." Ndipo akaanza kuoga. Hata majira ya barafu, meno yanagongana, anaoga. Kwa ajili ya pua ya huyo huyo!

Jumatatu Hawisa aliporudi nyumbani kutoka kazini, Thurstan alikuwa amesimama mlangoni.

"Simama hapo hapo." Akamsogelea, akamnusa shingo, akamnusa nywele, akamnusa mpaka kisogoni. "Mbona hunuki?"

"Nimeoga."

"Aha! Umeoga ili iweje?"

"Thurstan, we si ndiye uliyeniambia—"

"Usinijibu! Padri mwenyewe kasema."

Hawisa alishikwa na hasira. Usiku ule alilala zizini na kondoo, na wiki haikuisha Thurstan akamshtaki kwa uzinzi, akaitwa mbele ya hakimu wa askofu. Sheria ilikuwa hivi: alete wanawake sita wenye jina jema, kila mmoja aweke mkono juu ya Injili aape kwamba anamwamini. Akipungukiwa na mmoja tu, atazungushwa kanisa miguu mitupu, na shimizi tupu, mshumaa mkononi, Padri nyuma na fimbo. Kisha Thurstan atakuwa na ruhusa ya kumfukuza, na atoke alivyo, mikono mitupu.

Akaanza kubisha milango. Kwanza kwa Sabelina, waliyeyeyusha naye mafuta kwenye sufuria moja miaka na miaka.

"Shoga, mimi nakujua," Sabelina alisema, mlango kaufungua nusu. "Ila baba watoto kasema nikikuapia, ataanza kuninusa na mimi."

"Nawe unakubali?"

"Nifanyeje, shoga?"

"Kaa na pua ya mumeo basi!" Hawisa akaondoka. Alilia njiani, na kule kulia kukamzidishia hasira.

Alizunguka kijiji kizima. Wengine walimwambia arudi kesho, wengine walijifanya hawapo huku moshi unatoka jikoni. Mwishowe alipata wajane watatu wasio na mume wa kuwanusa, mkunga, na mke wa mhunzi aliyekuwa haogopi mtu. Watano. Kwa mama mkwe wake, bibi Gunnild, hakwenda kabisa. Kumpigia magoti yule? Thubutu!

Siku ya kesi kanisa lilijaa pomoni. Watano waliapa. Hakimu, mzee mnene aliyetamani chakula chake cha mchana, akauliza, "Wa sita yuko wapi?"

Thurstan akatabasamu.

"Mimi hapa," ikasema sauti kutoka nyuma. Bibi Gunnild alikuwa anajipenyeza kwa viwiko.

"Mama! Unafanya nini?"

"Nyamaza wewe." Akaweka mkono juu ya Injili. "Mheshimiwa, huyu simpendi. Ana ulimi mrefu, na mkate wake hauivi katikati. Lakini nakaa naye nyumba moja. Mzinzi wa nyumba ile si yeye. Naapa."

Hakimu akafuta jasho. "Imekwisha. Mwanamke ni safi. Nenda nyumbani na mumeo, mkae kwa amani."

Amani! Hawisa alihisi damu inampanda kichwani.

"Bado, mheshimiwa."

"Bado nini tena?"

"Na yeye aape. Kila gulio anakwenda mjini, analala huko. Mimi nimenuswa kama nyama ya kuoza. Yeye nani kamnusa? Alete wanaume sita!"

Padri akaingilia. "Binti, kitabuni habari za simba dume kuzini hazimo—"

"Sikukuuliza wewe, Padri. Namuuliza hakimu."

Hakimu alivuta pumzi, akatazama dari. "Mke ana haki ya kushtaki. Thurstan, unao watu sita?"

Thurstan alicheka. "Sita tu? Si hawa wamejaa! Haya, Piers, inuka. Hamo, njoo bwana, tumalize."

Piers, aliyekuwa akienda naye gulioni kila safari, alikuwa anaitazama kofia yake. Hamo alishikwa na kikohozi. Kuapa uongo juu ya Injili ni kujipeleka motoni kwa miguu yako mwenyewe, na hilo hata mlevi wa Harthwick alilijua.

"Piers?" Thurstan akaita tena. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

Hawisa alikuwa amesema kwa hasira tu, apate kumtia aibu kidogo. Hakujua kitu, haki ya Mungu. Sasa aliwapitia mmoja mmoja kwa macho: mhunzi, mchunga nguruwe, mume wa Sabelina, hata tajiri yake wa mishumaa. Kila aliyemfikia aliinamisha kichwa.

"Hata mmoja?" hakimu akauliza.

"Kumbe mlijua," Hawisa akasema. Kisha akapiga ukelele, kanisa zima likashtuka. "Mlijua nyote! Mlijua siku ile ile ya mahubiri, na mkageuka kunitazama mimi!"