Sabuni Ndani ya Kibuyu

Habari kwamba afisa wa afya angepita soko la Kanja ilimkuta Rwamba akimenya viazi, kisu kikamponyoka. Juzijuzi tu afisa huyo, Mutegi, alikuwa amefunga bucha ya jirani kwa sababu ya nzi. Rwamba alikuwa mjane, na hoteli yake ndogo ya uji wa kuchacha ndiyo iliyowalisha wanawe. Ikifungwa, wangekula nini?

Basi akasugua meza, akasugua kuta, na mikono ilipokosa cha kusugua ikakiendea kibuyu cha uji. Jamani, kibuyu! Nani huku asiyejua kwamba kibuyu huoshwa kwa maji ya moto na kokoto tu, maana sabuni ikishaingia haitoki? Mama mkwe wake, Marcella, alimwonya hivyo tangu alipoolewa. Lakini hofu haina masikio. Rwamba akakijaza povu mpaka shingoni, akakisuuza, akaurudisha uji wake ndani.

Asubuhi Mutegi akafika na koti lake jeupe. Akakagua maji, choo, na cheti cha kupimwa afya. Kisha akaketi.

"Mama, niletee uji."

Akapiga funda moja, uso ukamkunjamana. "Hii ni uji ama ni maji ya kufulia?"

Rwamba akakutanisha viganja. "Daktari, tafadhali usinifungie! Nilikuogopa, nikaosha kibuyu na sabuni."

Mutegi alimkodolea macho, halafu akacheka mpaka akatafuta leso. "Shosho yangu, aliyemzaa mama, angekuchapa! Mwaga hiyo yote, na hiyo kibuyu utupe. Hoteli yako ni safi, mimi sifungi. Lakini leo usiuze uji. Kesho napita tena."

Rwamba alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, akafanya yote mawili. Alasiri akapanda kwa Marcella akijua atakemewa, na kweli akakemewa vilivyo. La kuvunda halina ubani, mama mkwe akasema, kisha akampa kibuyu chake mwenyewe, kikiwa na uji uliochacha tayari. Rwamba alikikumbatia njia nzima.

Kesho yake Mutegi akapokea kikombe, akanywa. Rwamba alisimama na kitambaa mkononi. Afisa akapangusa masharubu, akakisukuma kikombe kuelekea kwa Rwamba.

"Ongeza," akasema.