Maiki Tatu Msibani kwa Mbwana

Mbwana Khalfani alipiga besi katika bendi za jazz tangu nywele zake nyeusi mpaka zikaisha, na katika nyimbo zote alizorekodiwa hakuna hata mmoja anamosikika. Tarumbeta utazisikia. Gitaa utalisikia. Hata yule mpiga manyanga aliyekuwa akilewa kabla ya jua kuzama, naye utamsikia. Mbwana, ng'o. Siku hizo maiki iliwekwa mbele kwa waimbaji, mwenye besi akasimamishwa huko nyuma, karibu na choo.

Jambo hilo lingempita kama upepo, lakini alikuwapo Siwema, aliyekuwa mkewe. Siwema alikuwa akiwasha redio, anatega sikio, kisha anamuuliza, "Haya, wewe uko wapi hapo?"

"Hapo chini. Duum, duum."

"Hilo jenereta la baa, Mbwana."

Wakaja kuachana kwa mambo mengine kabisa, Siwema akahamia Kigamboni, lakini neno lile lilimbaki Mbwana kama mwiba wa changu kooni. Sasa umri umekwenda, kifua kinambana, na juzi tu ametoka hospitali. Alitaka kitu kimoja kabla hajaiacha dunia: wimbo mmoja ambao Siwema atausikiliza na kusema, nakusikia.

Ndiyo maana Jumamosi ile aliwaita nyumbani kwake Temeke wenzake wawili, Fransis wa gitaa na Lusungu wa dramu, pamoja na Gaspar, fundi wa kurekodi ambaye riziki yake ni kwaya za makanisani. Gaspar alikuja na maiki tatu. Akasimama katikati ya sebule, akapiga kofi moja, akasikiliza kofi linavyozunguka kuta.

"Mzee, sebule yako inalia kama bafu," alisema. "Na makochi yanatubania nafasi. Makochi yote nje, magodoro yote humu ndani."

Yakatoka makochi, yakapangwa uani mbele ya mlango. Yakaingia magodoro, mengine yakalazwa chini, mengine yakaegeshwa ukutani. Kisha ikafika kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na besi lenyewe kutoka kwa fundi seremala, lile besi kubwa la kusimama, refu kumpita mwenyewe, limezungushiwa shuka jeupe lisipate vumbi. Wakalishusha wanaume wanne waliokuja nalo, kwa adabu, Mbwana akisubiri ndani, maana lilikuwa limetoka kutibiwa ufa.

"Polepole!" Lusungu alikuwa akisema, kofia mkononi. "Kichwa kwanza. Shingo, jamani, mshikeni shingo!"

Majirani wakaona. Mtu mzima katoka hospitali juzi. Makochi nje. Magodoro chini. Kitu kirefu ndani ya shuka jeupe kinaingizwa na watu wanne wasiocheka. Nani atauliza swali hapo? Msiba hauulizwi, msiba unaendewa.

Ndani hawakujua lolote. Wao walikuwa na shida ya maiki. Gaspar aliiweka ya kwanza mbele ya tundu la besi. Ikatoa sauti ya mtu anayekoroma ndani ya pipa. Akaipandisha karibu na vidole. Zikasikika kucha tu, kwi kwi, kama panya kwenye gunia. Mwisho akavua soksi yake ya mguu wa kushoto, akaivisha maiki ndogo, akaichomeka chini ya kile kidaraja cha mbao kinachobeba nyuzi.

"Soksi ya mguu?" Mbwana aliuliza.

"Piga, mzee."

Mbwana akapiga. Gaspar akamvisha hedifoni asikilize mwenyewe. Mbwana akafumba macho. Kwa mara ya kwanza alijisikia akiwa mbele.

Lakini nyuma ya besi ilisikika mashine ya kusaga ya ng'ambo ya barabara, na juu ya mashine muziki wa singeli, ule wa mbio mbio, kutoka baa ya jirani yake Gladness. Fransis alikuwa ameshatumwa asubuhi kuwaomba wapunguze. Mwenye mashine alicheka. Gladness alisema, "Mwambie babu na mie nina muziki wangu." Wakajaribu kumhamisha Lusungu na dramu zake hadi mlangoni mwa chumba, miguu chumbani, mikono sebuleni. Wakamgeuza Fransis aelekee ukutani kama mtoto aliyefanya utundu. Wapi! Singeli ilikuwa ikiingia mpaka kwenye soksi.

Mara, kimya.

Mashine ikazimwa. Singeli ikakatwa katikati ya neno. Gaspar akavua hedifoni akazitikisa. "Umeme umekatika?"

Feni ilikuwa inazunguka. Fransis akachungulia dirishani, akarudi taratibu.

"Wanafunga turubai," alisema. "Wanawake wamekaa kwenye mikeka. Gladness kajifunga khanga kichwani, analeta maji ya kunywa."

"Kafa nani?" Mbwana aliuliza.

Kabla hajajibiwa, dirisha likagongwa. Alikuwa Mzee Mwishehe, jirani yao, ambaye msiba haujawahi kumkuta amekaa. Mbwana, bila kujua kwa nini, akajificha nyuma ya besi.

"Fransis, poleni sana. Kaburi limeanza kuchimbwa. Tumzike Mbwana baada ya Alasiri, au kuna ndugu wa kusubiri?"

Fransis tangu azaliwe hajawahi kujibu swali likanyooka. "Ndugu... wapo," alisema.

"Basi tutamsubiri Siwema. Ameshapigiwa simu."

Dirisha lilipofungwa Mbwana alikuwa ameshafika mlangoni. "Naenda kuwaambia."

"Mzee wangu," Gaspar alisema, "ukionekana tu, mashine inawaka."

Mkono wa Mbwana ukabaki kwenye kitasa. Nje, kwa mara ya kwanza tangu ajenge nyumba ile, alisikia shomoro wa kwenye bati lake. Akasema astaghafirullah mara kadhaa. Kisha akarudi kwenye besi.

"Mmoja tu," alisema. "Halafu nafufuka."

Walipoanza tu, dirisha likagongwa tena, Mbwana akajibanza nyuma ya besi. "Nyie! Muziki msibani?"

"Wosia wa marehemu," Fransis alisema, na safari hii alijibu haraka mno. "Alisema asitoke humu bila jazz."

Mwishehe alifikiri. "Wosia wa namna hiyo mie sijauona kwenye kitabu chochote. Haya, mmoja, tena taratibu. Na hilo besi anapiga nani?"

"Mwanafunzi wake."

Wakapiga. Lusungu alisugua dramu kwa brashi kama mtu anayefagia ua alfajiri, gitaa likaongea kidogo na kunyamaza, na besi likatembea katikati, pana, lenye nyama. Nje hakuna aliyekohoa. Mbwana alimsikia mwenye mashine akisema, "Alikuwa mtu wa watu yule," na nusura apoteze noti, maana walikuwa hawajasalimiana tangu Ramadhani ya mwaka juzi.

Kisha akasikia kilio. Kilitokea barabarani, kikapita kwenye makochi, kikaja mpaka dirishani. Hakuhitaji kuambiwa ni cha nani. Vidole vikamwambia acha, sikio likamwambia bado kidogo. Alipiga huku machozi yanamtoka. Ndipo kilio kikakatika ghafla, kama singeli ya Gladness.

"Nani anapiga hilo besi?" Siwema aliuliza.

"Mwanafunzi wake, mama. Pole sana," Mwishehe alimjibu.

"Mwanafunzi gani! Mwanafunzi angekuwa ameshajifunza kusubiri!" Sauti ilikuwa imegusa wavu wa dirisha. "Si mnamsikia? Anawahi kurudi, anaingia kabla ya gitaa. Miaka yote anaingia kabla ya gitaa! Huyu hajafa. Mbwana! We Mbwana, toka!"

Mlango ukafunguliwa na Mbwana akatoka. Watu wakakimbia, wengine wakarudi kuchungulia, wawili wakaangusha jeneza la msikiti walilokuwa wamelibeba.

"Na kaburi?" Mwishehe alifoka. "Limeshafika nusu!"

"Lifukieni nusu," Lusungu alisema.

Walimsema Mbwana mpaka basi, naye akainamisha kichwa akayapokea yote, maana alistahili. Lakini wali ulikuwa umeshaiva kwenye masufuria, na wali hauzikwi, kwa hiyo watu wakakaa wakala. Mashine ya kusaga ikawaka. Gladness akarudi baani kwake kwa hasira akafungulia singeli mpaka mwisho.

"Hapa haturudii tena," Gaspar alisema, anatazama kompyuta. "Na sauti ya mama imeingia kubwa kuliko vyote. Siwezi kuitoa bila kulitoa besi."

Mbwana akachukua hedifoni, akamvisha Siwema juu ya khanga. Siwema alikuwa bado anamkunjia uso. Alisikiliza kwa muda mrefu, kidole kikigonga goti, na wali ukimpoa mbele yake.

"Rudisha nyuma," alimwambia Gaspar.

"Ujisikie mama unavyopiga kelele?"

"Zangu nazijua. Rudisha pale kabla sijasema."