Mafua ya Alhamisi

Nonna Yefimovna aliingia dukani tukiwa tunakaribia kufunga, akafuta mabuti yake kwenye gunia la mlangoni muda mrefu kuliko tope lilivyohitaji. Mkate mweusi ulikuwa umebaki kidogo. Nikamkatia nusu bila kumwuliza, maana anaishi na paka tu, na mkate mzima humkaukia.

"Ustya hajambo?"

"Hajambo, Mwalimu. Anachonga penseli tangu juzi. Karibu zote zimekwisha."

Hakucheka. Huyu ndiye aliyenifundisha mimi kusoma, kwenye chumba kile kile anachomfundishia binti yangu sasa. Zamani kicheko chake tulikisikia mpaka uwanjani.

"Hana mafua?"

"Hana."

"Majira haya mafua ni mengi." Alikuwa anautazama mkate, sio mimi. "Mtoto akiwa na mafua mzazi huandika kikaratasi, siku moja tu, wala hakuna anayeuliza. Kama Alhamisi, kwa mfano."

Alhamisi kulikuwa na mtihani wa hesabu wa darasa la nne, ule unaofanywa nchi nzima. Nyuma ya pazia nilisikia Klava, mwenzangu wa dukani, ameacha kusugua trei.

"Taya, mwanangu," akasema Nonna Yefimovna, "mkataba wangu mpya una kiambatisho. Vigezo. Wastani wa darasa kwenye mtihani. Watoto walioshinda mashindano. Malalamiko ya wazazi. Hata picha ninazopeleka kwenye tovuti ya shule zina pointi. Mkuu wa shule ameshatuambia, asiyefikisha pointi hapewi darasa la kwanza Septemba. Atabaki kulinda watoto mchana mpaka wazazi waje kuwachukua, au akapumzike. Na mtu wa umri wangu akiambiwa akapumzike, hurudi tena?"

"Na Ustya anashusha wastani."

"Wewe ndiye uliyesema."

Baridi yote ile alibaki na Ustya baada ya masomo, wao wawili na kopo la njegere kavu, wakigawanya njegere kwenye mafungu hadi mtoto akaelewa kugawanya ni nini. Hakuna aliyemwomba. Hakuna aliyemlipa.

"Hizo saa za njegere hazimo kwenye vigezo?" nikamwuliza.

"Nimevisoma vyote, kurasa zote. Ustya hajaandikwa popote." Akaufunga mkate kwenye kitambaa chake. "Nilitaka sana nimpokee Sava. Mtoto yule ana masikio ya kusikiliza. Haya, jioni njema."

Sava ni mdogo wake Ustya, anaanza shule Septemba, na kwetu mwalimu akilimaliza la nne hurudi kuanza na la kwanza. Mtoto mwoga, akipandishiwa sauti anajificha nyuma ya koti langu. Tangu azaliwe nilijua atasomeshwa na nani. Hesabu ya maisha yangu ilikuwa imekaa hivyo: Gleb, mume wangu, kaskazini kwenye visima vya gesi, miezi huko na wiki chache nyumbani, mimi dukani mchana na jioni chuoni, nasomea ualimu wa chekechea, na watoto wote wawili mikononi mwa Nonna Yefimovna. Ukiutoa mkono mmoja, kila kitu kinayumba.

Klava akatoka nyuma ya pazia na trei yake.

"Kwa hiyo siku hizi mwalimu anapimwa kama unga."

"Klava, niache."

"Sikuachi. Mimi mkate usipoumuka nailaumu hamira. Siuambii mkate ubaki nyumbani."

"Mwenzio ana shida."

"Ana shida, nani kakataa? Nampenda, aliniacha nirudie darasa bila kunitukana hata siku moja. Lakini mtoto ni wako, shoga. Wastani ni wa serikali."

"Na Sava je? Utamfundisha wewe?"

Alirudi kusugua trei, kwa nguvu kuliko mwanzo.

Nyumbani nilimkuta Ustya anamfundisha Sava shule. Amemkalisha kwenye kigoda, mikono juu ya meza.

"Wakija wageni darasani, wote tunanyoosha mikono," anamwambia. "Wote kabisa, usibaki hata mmoja. Ukiwa unajua jibu, unanyoosha huu wa kulia. Ukiwa hujui, huu wa kushoto. Nonna Yefimovna anamwita wa kulia tu. Wageni wanaona darasa zima linajua."

"Wewe ulinyoosha upi?"

"Wa kushoto. Lakini juu sana, kuwashinda wote."

Hilo la mikono lilikuwa la vuli, walipokuja watu wa wilaya kumkagua. Hata mimi nilisoma hivyo hivyo, na sijui kama kuna mwalimu mjini kwetu asiyeijua mbinu hiyo. Nilivua koti, nikakaa na viatu miguuni.

"Ustya mama, Alhamisi utabaki nyumbani."

"Siumwi."

"Hata koo?"

"Hata koo." Akanitazama vizuri. "Mama, kuna swali la treni mbili. Moja inatoka huku, nyingine kule. Nimeshaliweza. Silijui la eneo, lile nitaliacha wazi tu. Kuliacha wazi si kosa, Nonna Yefimovna amesema."

"Nimesema utabaki."

"Ni yeye aliyesema nibaki?"

"Ni mimi."

Hakulia. Ustya si wa kulia. Alizirudisha penseli kwenye mkebe, fupi mpaka ndefu, akaufunga.

Jumatano sikwenda chuoni, nilisema nimechoka, na nilikuwa nimechoka kweli. Niliandika kikaratasi: binti yangu hatafika kwa sababu ya mafua. Maneno machache, lakini niliyachana mara kadhaa, kama mtu anayeandika kwa lugha asiyoijua. Niliwaza vigezo vile. Mwakani nikimaliza chuo na mimi nitawekewa mkataba wa namna hiyo mezani, na kalamu juu yake. Nitakuwa na watoto wangu wa kushusha wastani. Nitamwendea mama yupi?

Asubuhi niliamka nikakuta Ustya amekwisha kuvaa. Sare, nywele kasuka mwenyewe, msuko mmoja juu mmoja chini, na mfuko wa viatu vya ndani, vya kubadilisha shuleni, begani, kama siku yoyote ya shule. Nikafungua kinywa kumkumbusha. Kabla sijasema neno, akaanza kukohoa. Alikohoa kwa zamu, kikohozi kikavu kwanza, halafu kile cha kifuani, mkono mdomoni, macho yakamtoka machozi. Sava akaacha uji wake, akawa anamwangalia kwa heshima.

"Hivi inatosha?" akaniuliza. "Au niongeze? Nilifanya mazoezi jana ulipokuwa jikoni."

"Sare ya nini, sasa?"

"Nilitaka kuivaa tu. Halafu nitaivua."

Alikuwa amekohoa vizuri sana. Mwaka mzima sikuwahi kumwona amelijua jambo sawasawa namna ile, na aliyemfundisha ni mimi.

"Vaa koti," nikamwambia. "Na wewe Sava, vaa. Tumechelewa."

Theluji ilikuwa inayeyuka, njia tope tupu, tukawa tunaruka kutoka ubao hadi ubao kwenye mbao zilizolazwa njiani. Nonna Yefimovna alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa, anawahesabu wanaoingia. Alimwona Ustya, kisha akaniona mimi na Sava nyuma ya koti langu. Uso wake haukubadilika. Bega moja tu lilishuka kidogo, kama mtu aliyekuwa amebeba ndoo mbili na moja imemwagika.

Nilitaka kusema samahani. Nilisema, "Hana mafua, Mwalimu."

"Naona." Akainama akamfungua Ustya vifungo vya koti. "Umemvalisha sweta zito, atatokwa jasho. Kaa dirishani, Ustya, kuna mwanga. Anza na la treni, usianze na la kwanza."

"Si tunatakiwa kuanza na la kwanza?"

"Wewe anza na la treni."

Kikaratasi kilikuwa bado mfukoni mwangu. Nilikiwashia jiko siku ile ile.

Matokeo yalitoka Mei, matawi yameshaanza kuwa kijani. Nonna Yefimovna akaja dukani saa zile zile za kufunga.

"Treni zimekutana," akasema. "Mahali penyewe hasa. Mengine ameacha wazi."

"Amepata ngapi?"

"Mbili."

Kati ya tano, mbili ni kufeli. Nikakata mkate, kisu kikaenda kombo, nusu moja ikawa kubwa kuliko nyingine. Nikampa ile kubwa.

"Na wastani?"

"Umepungua. Kidogo sana, unaweza kuufunika kwa kidole. Lakini kiambatisho hakina neno kidogo." Akatabasamu, tabasamu la mtu aliyekaa kikao kirefu. "Mkuu ameuona mtihani wa Ustya. Nimemwekea mezani na kopo la njegere juu yake. Akaniuliza hili kopo liko kwenye kigezo gani. Nikamwambia anitafutie yeye."

"Akasemaje?"

"Akalishika akalitikisa. Atatujibu Agosti."

Klava akatoka nyuma ya pazia bila kuitwa. "Yaani hata kusema hapana hawezi mpaka Agosti?"

"Klavdia," akasema Nonna Yefimovna, akimwita Klava kwa jina kamili, "wewe mpaka leo unajibu kabla hujaulizwa."

"Ndiyo maana nilirudia darasa, Mwalimu."

Hapo kikamtoka kile kicheko chake cha zamani, kifupi. Akaukumbatia mkate kwa mkono akaelekea mlangoni. Nilijua sipaswi kuuliza, lakini Sava alikuwa amesimama pale chini ya kaunta, ananitazama, na mfuko mpya wa viatu vya ndani nilikuwa nimeanza kumshonea.

"Mwalimu, Septemba utampokea huyu?"

Alisimama. Hakugeuka mwili mzima, aligeuza uso tu, akanyoosha mkono juu, wima, kama mtoto wa darasa la kwanza. Ulikuwa wa kushoto.

Akatoka, kengele ya mlango ikalia.

"Ni wa kushoto," Sava akaninong'oneza. "Ina maana hajui."

"Wa kulia ulikuwa umeshika mkate," nikamwambia.